Kisahani Kinachokata Kushoto

Mama aliyeniuzia alisema ni sahani ya mbwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Gikomba, mbele ya rundo la vitu vya watoto vya mtumba: madoli yasiyo na nywele, magari yasiyo na magurudumu, kiatu kimoja cha kuteleza. Katikati ya rundo kulikuwa na kisahani cha plastiki, rangi ya machungwa, kizito kuliko kilivyoonekana, ukingo wake umechongwa ukawa mwembamba. Jina la kampuni lilikuwa limefutika kwa kukwaruzwa. Zilizobaki ni namba nne tu: 12, 5, -1, 3.

"Wazungu wanamrushia mbwa, anaenda kukidaka," akaniambia. "Leta mia mbili."

"Mama, mimi sina mbwa."

"Basi leta mia."

Mia nilikuwa nayo, na muda pia. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu, kozi ambayo siitaji hapa kwa sababu mama yangu anaitaja vya kutosha kila akipiga simu. Ukiishi kwa kuandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno, kuna saa za alasiri ambazo hakuna mtu anayekuhitaji. Saa hizo nikawa nazipeleka kwenye kiwanja cha shule ya msingi karibu na kwetu, Umoja, watoto wakishatoka darasani.

Nilisimama kwenye goli moja nikarusha kuelekea goli la pili. Kisahani kilienda vizuri kama hatua ishirini, kisha kikainama, kikakata kushoto na kujichimbia vumbini karibu na choo. Nikarudia. Choo. Nikarudia tena. Miezi minne nilikirusha, na miezi minne kilikimbilia chooni kama mtu aliyekula kitu kibaya.

Nilitazama video. Ziko nyingi kuliko unavyodhani, na kila moja ilianza kwa kunionyesha mkosaji, na mkosaji alikuwa mimi: kiwiko changu, nyonga zangu, mshiko wangu. Nikirekebisha hiki, naharibu kile. Siku moja nimekaa chini ya mlingoti wa goli, napangusa vumbi, ndipo nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza nikiwa bado Gikomba. Hiki kitu ni nini hasa, na kilitengenezewa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukisema "kurusha kisahani" kwa Kiswahili, watu wanawaza riadha, lile sahani zito ambalo Wagiriki walilirusha na mchongaji Myron akalichongea sanamu karne ya tano kabla ya Kristo. Mimi sisemi hicho. Kwenye riadha mkono unaburutwa nyuma ya mwili, halafu kifua kinafunguka mbele. Bekihendi ni kinyume chake. Unaanza kwa kumpa mgongo unayemrushia, mkono umepita mbele ya kifua, kiganja kinakuelekea wewe. Kisha unafungua. Ni ule mkono wa mtu anayegawa karata mezani. Ni ishara ndogo, ya nyumbani, na hakuna kocha aliyeibuni.

Hadithi inayopendwa zaidi inaanzia Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, ambako William Russell Frisbie alifungua biashara ya kuoka pai mwaka wa 1871. Pai ziliuzwa kwenye sinia za bati zenye jina lake. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wa Yale walikula pai, wakaanza kurushiana bati, na kabla ya kurusha wakipaza sauti "Frisbie!" ili mtu asipasuliwe kichwa. Hadithi tamu. Shida yake ni kwamba vyuo vingine navyo vinadai heshima hiyo hiyo. Middlebury, kule Vermont, wamesimamisha hadi sanamu ya shaba ya mbwa anayedaka kisahani. (Kwa hiyo mama wa Gikomba hakuwa amenidanganya kabisa.) Mimi naona ugomvi wenyewe hauna maana. Mpe mtu yeyote kitu cha mviringo, chepesi, ambacho amemaliza kukitumia, na ndani ya dakika tano atakuwa amekirusha. Mwaka wa 1926, kijiji cha Bladworth, mkoa wa Saskatchewan nchini Kanada, kijana Ronald Gibson na wenzake wa shule walikuwa tayari wanarusha vifuniko vya bati kuelekea miduara waliyoichora chini na kuhesabu mitupo, kama gofu. Hawakumwuliza mtu wa Yale.

Aliyegeuza tabia hii kuwa bidhaa alikuwa Fred Morrison, mzaliwa wa Utah. Mwaka wa 1937, akiwa na miaka 17, sikukuu ya Shukrani, yeye na mpenzi wake Lucile, aliyeitwa Lu, walianza kurushiana kifuniko cha debe la bisi. Kilipopindika wakahamia kwenye sinia ya keki. Mwaka uliofuata walikuwa ufukweni Santa Monica wakirushiana sinia, mtu akawatolea senti 25 ainunue. Sinia ile ile dukani ilikuwa senti 5. Ukiwa umewahi kununua soksi Muthurwa ukaziuza ofisini, unajua jinsi moyo wa Fred ulivyodunda.

Vita vikaingilia. Morrison alirusha ndege za kivita Italia, akatunguliwa, akawa mateka wa Wajerumani. Aliporudi alikuwa na kitu ambacho sinia ya keki haikumpa: alikuwa ameishi na mabawa, akijua hewa inavyobeba kitu. Mwaka wa 1946 alichora mchoro wa kisahani alichokiita Whirlo-Way. Mwaka wa 1948, yeye na mshirika wake Warren Franscioni wakatoa cha plastiki, Flyin-Saucer, wakidandia mshtuko wa mwaka uliotangulia, Wamarekani walipoanza kuona vyombo vya ajabu angani. Plastiki yenyewe ilikuwa inavunjika. Walizunguka kwenye maonyesho ya wilaya wakikirusha mbele ya umati, na inasimuliwa kwamba watazamaji wengine waliapa kuna waya. Basi wakaanza kuuza waya usioonekana, futi mia kwa dola moja, kisahani unapewa bure. Jo, hata Nairobi hatujafika hapo.

Ushirika ule ulivunjika, na jina la Franscioni limebaki kwa wanaochimba tu. Morrison akaendelea peke yake, na mwaka wa 1955 akatoa Pluto Platter, ambayo umbo lake ndilo babu wa kila kisahani unachokiona leo: juu kumebinuka, ukingo mnene umeshuka chini. Upande wa chini kulikuwa na maelekezo, maneno yasiyozidi ishirini, na husimuliwa kwamba Lu ndiye aliyeyatunga. Yalisema hivi kwa ufupi: chezeni kudakiana, buni michezo, kirushe kwa bekihendi, ukikirusha kikiwa bapa kitaenda moja kwa moja, ukikiinamisha kitakata kona, jaribu.

Niliyasoma hayo mara kadhaa. Ni somo la bekihendi lililochapwa na kuuzwa kwa umma, na liko kwenye tumbo la kisahani chenyewe, yaani huwezi kukishika bila kulishika somo. Halitaji kiwiko. Halitaji nyonga. Halikuiti mkosaji. Morrison alipoandika kitabu chake na Phil Kennedy mwaka wa 2006, jina la kitabu lilitoka humo humo. Na tazama neno la kwanza: kudakiana. Mchezo huu ulipozaliwa ulikuwa na watu wawili.

Januari 1957 kampuni ya Wham-O ya California ikachukua haki zake. Wenyewe, Richard Knerr na Arthur Melin, walikuwa wameanza kwa kuuza manati. Wham-O ni mlio wa manati. Knerr aliposikia kwamba wanafunzi wa mashariki wanauita mchezo huo kwa jina la ile pai, akaliiba, akabadilisha herufi, likawa Frisbee. Morrison alilichukia jina hilo. Baadaye, pesa zilipoanza kuingia, hakulalamika sana. Kampuni ya pai ilifungwa 1958, mwaka mmoja tu baada ya jina lake kuruka dirishani.

Hadi hapo mkono uliohitajika ni mkono wa ufukweni. Kifundo cha mkono kinakunjwa, kinakunjuliwa, basi. Kisahani kinaelea polepole kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayetaka kukidaka bila kuumia. Huyu mdakaji ndiye anayeamua kila kitu: unene wa ukingo, ulaini wa plastiki, nguvu unayoweka. Shikilia hilo.

Mwaka wa 1964 Wham-O walimwajiri Ed Headrick. Ndiye aliyekichukulia kisahani kwa uzito wa mhandisi. Aliweka mistari ya duara juu yake, akapanga upya plastiki kwenye ukingo, kikawa kinatulia hewani badala ya kuyumba. Hataza yake ilitoka 1967. Kilichokuwa mchezo wa kupitisha wakati sasa kikawa na usahihi. Ukirusha mara kumi vile vile, kinaenda mara kumi vile vile. Na penye usahihi lazima patokee mtu wa kuhesabu alama.

Wahesabu alama walijitokeza sehemu nyingi bila kujuana, na hapa ndipo napapenda zaidi. Mwaka wa 1965 kijana mmoja wa Fresno, George Sappenfield, aliyekuwa akisimamia watoto wakati wa likizo, aliwapa visahani wacheze gofu, shabaha zikiwa zile pete za kuzungushia kiunoni. Rochester, jimbo la New York, Jim Palmeri na marafiki zake walikuwa wakicheza gofu yao ya visahani wakiamini ni wao peke yao duniani. Mwaka wa 1974 wakaandaa mashindano, zawadi ikiwa gari jipya, Datsun B210, na waliofika wakawafanya wajue hawako peke yao. Gari lilichukuliwa na Dan Roddick kutoka New Jersey. Mwaka wa 1975 Headrick mwenyewe akapanga uwanja wa kudumu Oak Grove, California. Mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tupu, na watu wakawa wanabishana kama kisahani kimegusa au hakijagusa. Akachomelea minyororo ikining'inia juu ya kikapu. Kisahani kikigonga mnyororo kinalia, kinapoteza nguvu, kinadondoka kikapuni. Ubishi ukaisha. Headrick aliupenda mchezo huu hadi mwisho. Alipofariki 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki yakawa visahani, kama alivyotaka.

Mnyororo haumii vidole. Nadhani hilo ndilo jambo kubwa zaidi kwenye historia hii yote, na hakuna video iliyonieleza. Siku mnyororo ulipochukua nafasi ya mdakaji, hakukuwa tena na sababu ya kisahani kuwa chepesi, laini, au cha polepole. Miaka minane baadaye, 1983, Dave Dunipace wa California akatoa kisahani chenye ukingo uliochongwa kama kabari, unaopasua hewa badala ya kuisukuma. Kampuni aliyoanzisha na wenzake, Innova, ilikiita Eagle. Kilikuwa na eneo dogo, kilikuwa kigumu, na kilienda mbali kwa namna ambayo mduara wa Headrick haungeweza kufuata. Vyote vilivyokuja baadaye vya masafa marefu, na hicho changu cha machungwa, ni wajukuu wake. Mbwa yeyote ambaye angekidaka hiki changu kwa kasi kiliyoundiwa angeacha meno kiwanjani.

Sasa zile namba nne. Ni lugha ambayo watengenezaji waliizoea baadaye. Ya kwanza inaeleza kasi ambayo kisahani kinadai ndipo kifanye kazi. Ya pili, kinavyoelea. Ya tatu, kinavyojigeuza kuelekea kulia kikiwa bado na kasi. Ya nne, kinavyokata kushoto kikianza kuchoka. Hapa nazungumzia mtu wa mkono wa kulia, bekihendi. Visahani ambavyo mwanafunzi hupewa aanze navyo vina 2, 3, labda 5 mwanzoni. Changu ni 12.

Na kwa nini kushoto? Ulicheza pia ukiwa mdogo? Pia inayozunguka, ukiisukuma haiangukii unakoisukuma, inainamia pembeni. Kisahani nacho ni pia iliyolala. Kinapokuwa na kasi ya kutosha hewa inakibeba sawasawa. Kasi ikipungua, hewa inainua zaidi upande wa mbele, kama inataka kukibinua pua juu. Lakini kwa kuwa kinazunguka, hakibinuki nyuma. Kinalala ubavu, na kwa bekihendi ya mkono wa kulia ubavu huo ni wa kushoto. Wachezaji wa kulipwa wenye nguvu hukirusha kisahani kama changu kwa zaidi ya kilomita 110 kwa saa, kwa hiyo kule kuchoka kunakuja mwishoni kabisa, baada ya safari ndefu. Changu kilitoka mkononi kikiwa tayari kimechoka. Kilikuwa hakikosei. Kilikuwa kinatimiza namba ya nne kwa uaminifu, kila siku, mlangoni pa choo.

Sikufurahi kama unavyodhani. Kuna raha ya kujua kwamba kosa si lako, lakini inaisha haraka ukikumbuka kwamba bado huwezi kurusha. Chuoni pia niliwahi kuambiwa na mwalimu mmoja kwamba tatizo ni mimi, nikaamini, halafu baadaye nikaamini kwamba tatizo ni wao tu, na hiyo ya pili ilinichukulia muda mrefu zaidi kuiacha. Nikaenda jikoni nikachukua kifuniko cha Kimbo, kile cha plastiki cha mkebe mkubwa, nikashuka nacho kiwanjani.

Kifuniko cha Kimbo hakina namba, lakini kingekuwa nazo ya kwanza ingekuwa 1. Nilikirusha kwa kifundo tu, kama Lu na Fred, na kikaenda bapa, moja kwa moja, hatua kumi na tano, kikatua taratibu. Mara ya kwanza kwa miezi minne kitu kilichotoka mkononi mwangu kilienda nilikokielekeza. Nikarusha kwa nguvu zaidi. Kikatetemeka kama tairi ya mkokoteni na kuanguka. Hapo ndipo kosa langu mwenyewe lilijitokeza, bila kujificha nyuma ya 1983. Kisahani cheusi cha kasi kinaficha mtetemo kwa uzito wake. Kifuniko chepesi hakimfichii mtu siri.

Niliegemeza simu kwenye jiwe nikajirekodi polepole. Mkono wangu ulikuwa unazunguka mwili kama mlango kwenye bawaba, kifuniko kikichora nusu duara pana kifuani na kuniponyoka popote. Walimu wa mchezo huu wamelipigia kelele kosa hilo miaka mingi. Tiba yake ukiielewa ni rahisi kuieleza, kuifanya ndio kazi: kisahani kivutwe kwa mstari ulionyooka karibu na kifua, kiwiko kikitangulia, kama unavyovuta kamba ya kuwasha jenereta, na mkono ukunjuke mwishoni tu. Na nguvu isitoke mkononi. Hii ilinichukua wiki mbili kuiamini. Unapiga hatua tatu kwa ubavu, mguu wa nyuma ukipishana na wa mbele, kisha mguu wa mbele unakita chini na kukataa kwenda. Umewahi kuning'inia kwenye mlango wa matatu dereva akakanyaga breki ghafla? Gari limesimama, wewe unaendelea. Mguu ndio breki, nyonga ndiyo inaruka kwanza, bega linafuata, kiwiko, kifundo, na kisahani ni yule kondakta aliyeshika mwisho kabisa.

Mwili wa ufukweni haukuhitaji haya. Ni mnyororo na ule ukingo wa kabari vilivyoyadai, kwa sababu kisahani kilichoweza kwenda mbali kilimfanya kila mtu atake kujua mbali ni wapi. Jibu la sasa, Machi 2016, jangwani Primm, Nevada, upepo mkali ukivuma kutoka nyuma: David Wiggins Jr., mita 338. Hiyo ni zaidi ya viwanja vitatu vya mpira. Na si misuli peke yake. Mtazame Kristin Tattar wa Estonia, bingwa wa dunia wa wanawake 2022 na 2023, jinsi mkono wake unavyoonekana kama haujaharakishwa na mtu. Nilipojiona mjinga kwa kufundishwa na simu, nilimkumbuka Julius Yego, ambaye alijifunza mkuki kwa kutazama video kisha akaturudishia dhahabu ya dunia kutoka Beijing 2015 na mita 92.72. Tofauti ni kwamba Yego alikuwa na kipaji. Mimi nilikuwa na alasiri.

Wiki ya tatu nikapata watazamaji. Msichana mmoja, gredi ya sita hivi, na mdogo wake wa kiume, walikaa ukutani wakinitazama ninavyorusha kifuniko cha Kimbo kisha nakikimbilia mwenyewe, narusha tena, nakimbilia tena. Hatimaye yule msichana akashuka.

"Anko, mbona hakuna mtu wa kukushikia?"

Hakungoja jibu. Alimtuma mdogo wake upande wa pili. Tukarusha watatu hadi giza likaanza kuingia. Wao walikuwa na bekihendi safi kuliko yangu, ya kifundo, isiyo na mtetemo hata kidogo. Nyumbani kwao kuna vifuniko na hakuna video. Kesho yake nikaja na kisahani cha machungwa. Msichana akakirusha kwa nguvu zake zote. Kikaenda, kikainama, kikakata kushoto, choo.

"Anko, hii yako imeharibika."

Nilianza kumweleza habari za namba, za 1983, za hewa kuinua pua. Alisikiliza kwa adabu kama sekunde kumi. Kisha akaenda kukichukua mwenyewe, akakigeuza huku na huku, akakipima uzito. Aliporudi hakukishika bapa. Alikiinamisha, upande wa nje umeinuka, kimelalia kulia kabisa, kama anataka kumrushia mtu aliye nje ya ukuta. Mdogo wake alikuwa golini.

"Usikidake hicho!" nikampigia kelele. "Kiache kipite!"

Kikatoka kuelekea kulia, juu ya mstari, mbali kuliko nilivyowahi kukipeleka mimi kwa miezi yote ile, kisha kikaanza kurudi taratibu. Kijana akaruka pembeni. Kikagonga mlingoti wa goli, kikalia ngo! na kuangukia ndani.

"Sawa," akasema dadake, akipangusa mikono kwenye sketi. "Sasa leta ile ya Kimbo tucheze."